Mng'aro wa Boti ya Mbonigaba

Verdiane aliogopa maji kuliko alivyowaogopa wenye bunduki, na katika milima ya Burungu hilo si jambo dogo. Wenye bunduki aliwajua. Walikuja, wakachukua kuku na maharagwe, wakaenda zao, na mwenye bahati alibaki na sufuria. Lakini ziwa halikuja wala halikwenda. Lilikaa pale bondeni, jeusi hata mchana, na kila aliyelivuka alivuka kwa hisani yake. Mtu wa mlimani hajui kuogelea. Ataogelea wapi, kwenye maharagwe?

Na sasa binti yake wa pekee, Umugwaneza, alikuwa anaolewa ng'ambo.

Mwanzoni msafara wa harusi ulipangwa upite barabarani kwa pikipiki, kama misafara ya watu wote. Kisha mwezi wa sita kizuizi kikawekwa katikati ya njia, na juma lililofuata wasichana wawili waliokuwa wakitoka sokoni waliteremshwa pale kwenye pikipiki, na hawakuonekana tena. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, wala haikuhitajika. Familia mbili zikakubaliana kwa simu: bibi-arusi atapita majini, katika boti ya marehemu baba yake. Verdiane aliweka simu chini akaketi.

Boti yenyewe haikuwa mtumbwi wa kuchonga. Ilikuwa boti ya fiba, nyeupe, yenye moteri nyuma, ambayo Mbonigaba, mume wake, aliinunua miaka kumi na mitano iliyopita kwa mwenye shamba la ng'ombe aliyekuwa akihama. Mbonigaba aliivushia maharagwe na mihogo, akaipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa maziwa. Hakufia majini. Alifia kitandani, kwa ugonjwa wa ini, lakini Verdiane hakulisamehe ziwa kwa sababu hiyo. Aliona limemwachia tu mwingine kazi.

Tangu hapo boti iliendeshwa na Sebarenzi, mdogo wake marehemu, na jua likaila. Ukipitisha kiganja ubavuni mwake, kiganja kilitoka cheupe kana kwamba umeshika unga wa muhogo. Papa Ndayambaje, baba wa bwana-arusi, aliiona siku ya mahari akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Verdiane," alisema, "mutatuletea bibi-arusi mu boti, ao mu mufuko ya unga?"

Wote wakacheka, na Verdiane akacheka nao, kwa kuwa mkwe akitania hukasiriki. Lakini neno lile lilimwingia. Kwa macho yake kitu kilichochakaa nje kimeoza ndani. Akamfuata shemeji yake.

"Shemeki, ile boti imeoza. Itamuzamisha mutoto."

"Haijaoza," alijibu Sebarenzi. "Jua njo imeichoma. Ni ngozi ya juu tu imekufa, chini iko muzima kabisa. Tukiisugua vizuri, utajiona sura ndani yake."

Sebarenzi alikwenda Goma, akarudi na karatasi za msasa, kopo la dawa ya kung'arisha, ile ambayo wenye magari huipaka kwenye milango yao, na kopo dogo la nta. Wanaume sita wakaipindua boti juu ya magogo, chini ya mikalitusi, kando ya ziwa. Sebarenzi akamfundisha shemeji yake kazi yote. Kwanza sabuni na maji, mpaka matope na ukungu viishe. Kisha msasa, daima ukiwa umelowa, mkono ukizunguka bila kukaza, kwanza ule mkali, halafu ule laini. Halafu dawa, kidogo kidogo, sehemu moja isiyozidi upana wa sinia, kwa kitambaa cha pamba. Nta mwisho kabisa, ili jua lisirudi kula.

Verdiane alikataa msaada. Siku ya kwanza alisugua juani, dawa ikamkaukia na kuacha madoa ya duara, ikabidi aanze upya. Baada ya hapo alishuka mlimani kila asubuhi na mapema, akafanya kazi kivulini mpaka jua lilipozunguka mikalitusi, kisha akapanda tena kwenda kupalilia. Maji meupe ya fiba yalimtiririkia mpaka kwenye viwiko. Vidole vilichubuka. Hakujali, kwa sababu mkono uliposugua, hofu ilipungua, na mkono uliposimama, alisikia tena maji yakigusa matete nyuma yake, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Siku ya tano sura yake ikatokea ubavuni mwa boti: kilemba, mashavu, na macho ya mtu aliyeogopa. Aliipaka nta haraka.

Watu wakaanza kushuka kuja kutazama. "Mama Verdiane, ni weye njo unaolewa?" walimtania. Naye akajibu kwamba kama kuna mwanamume anayeoa mikono yenye malengelenge, aje. Moyoni hakuwa akicheka. Moyoni alikuwa ameshafunga mapatano na boti: nikikung'arisha mpaka mwisho, utamfikisha mwanangu. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti. Lakini wahenga hawakuwa na binti wa kuvusha.

Alhamisi waliigeuza na kuiingiza majini kwenye matete. Iling'aa hadi samaki, kama wana akili, walipaswa kuona haya. Sebarenzi alizunguka mara mbili bila kupata la kulaumu, akaenda Kitchanga kutafuta mafuta ya moteri, akasema atarudi Jumamosi asubuhi kabla ya msafara.

Ijumaa Verdiane alishuka peke yake kuiangalia tena. Nje hapakuwa na kosa. Kisha akachungulia ndani. Sakafu ilikuwa ya kijivu, imekwanguzwa na miaka ya magunia na viatu. Bibi-arusi akanyage pale? Wajumbe wa kwa Papa Ndayambaje, watakaokuja kumchukua, waketi pale?

Nyumba yake ina pavema, sakafu ya saruji, sebuleni. Mbonigaba ndiye aliyeimwaga, na hakuna mgeni aliyewahi kuikanyaga kabla haijapakwa sire nyekundu, ile nta ya sakafu, na kusuguliwa kwa mguu juu ya tambara mpaka iwake. Kabla ya Noeli, sire. Kabla ya pasta kuja kula, sire. Huwezi kumkaribisha mtu kwenye sakafu iliyokufa. Basi Verdiane alipanda nyumbani, akachukua kopo la sire nyekundu, akarudi, akaipaka sakafu ya boti, akasugua, akapaka tena. Ilipowaka vya kutosha akatandika juu yake mkeka mpya, kutoka mbele mpaka nyuma, ili matope ya wapita njia yasiiharibu.

Kila mwanamke wa Burungu mwenye pavema angefanya hivyo hivyo. Sebarenzi hakumkataza, kwa sababu haikumjia akilini kwamba kuna haja ya kukataza. Nani humwambia mpishi asitie sabuni kwenye mchuzi?

Jumamosi msafara ulishuka mlimani ukiimba. Kwa desturi mama wa bibi-arusi haendi na binti yake kwa wakwe. Humuaga, akabaki. Na akishamuaga, hamwiti tena, kwa kuwa bibi-arusi anayeitwa nyuma, siku moja atarudi kwa mamake na sanduku kichwani. Verdiane alikuwa tayari amevuka mpaka kwa kushuka hadi ziwani, na mashangazi walikuwa wameshamtupia jicho.

Walikuwa watu kumi na wawili, sanduku la bati, na kreti tatu za Fanta. Sebarenzi, aliyefika akihema na jerikani begani, aligawa jileti za kuokolea. Zilikuwa nne tu. Akamnyooshea Umugwaneza ya kwanza.

"Ile itavunja robe," alisema mjumbe mmoja wa upande wa bwana-arusi, mama mnene aliyekuwa akilipiga picha gauni la bibi-arusi kwa simu. Umugwaneza akatabasamu, akampa shangazi yake jileti. Kisha wakaingiza kiti cha plastiki, ili gauni jeupe lisilowe. Sebarenzi alikunja uso. "Kiti moja tu," alisema. "Cha bibi-arusi. Bengine mukae ku mabao."

Sidonie, dada yake marehemu Mbonigaba, ndiye aliyetangulia. Aliweka mguu ndani, juu ya mkeka, na mkeka ukaondoka naye. Ulikwenda kiasi cha hatua nzima. Sidonie akaangukia makalio, miguu juu, na ufukwe mzima ukapasuka kwa kicheko.

Verdiane hakucheka. Aliona sebule yake, sikukuu ya Pasaka, shemasi akiingia na Biblia mkononi, akikanyaga mkeka uliotandikwa juu ya sire. Shemasi alivunjika mkono siku ile. Na ile ilikuwa nyumba, ambayo haiinami.

Akafungua kinywa. Akaweka kiganja mdomoni.

Yule mama mnene alikuwa akipiga picha kila kitu. Mashangazi walikuwa pale. Jirani wote walikuwa pale, wale wale waliosifu mikono yake siku nane. Angesema nini? Subirini, nimeipaka boti sire ya pavema kama mjinga? Toeni vitu vyote, mteremsheni bibi-arusi, tukwangue? Wangelicheka mpaka Krismasi, na Papa Ndayambaje angepata utani mwingine wa kumtosha maisha yake yote. Alijiambia kwamba maji yametulia. Alijiambia kwamba ni dakika ishirini tu, na kila mtu ataketi. Wakati akijiambia hayo, Umugwaneza aliingia, akaketi kwenye kiti, akainua macho na kumtazama mama yake. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Moteri ikaunguruma. Vigelegele. Boti ikatoka kwenye matete, nyeupe, inang'aa, na watu wa ufukweni wakapiga makofi.

Verdiane alisimama kwenye tope. Alianza kuhesabu pumzi ili asifikirie. Boti ilipofika mbali kiasi cha uwanja wa mpira, upepo wa kwanza ukashuka mlimani, mwepesi tu, na maji yakakunjamana. Boti ikapanda kiwimbi na kushuka. Akaona kiti cha binti yake kikisogea. Hakuna aliyekisukuma. Kilisogea chenyewe, pole pole, kuelekea ukingo, kikasimama.

Hapo hofu ikakata kamba zote. Verdiane akapiga ukelele, si wa furaha, akipunga kilemba chake hewani. "Rudini! Shemeki, rudisha mutoto! Rudini!"

Nyuma yake mtu alisema, "Ah! Anamuita nyuma!"

Na sauti ilipowafikia kule ndani, walifanya kile ambacho kila mtu angefanya. Waligeuka. Walioketi upande wa pili walisimama wapate kuona kuna nini, na mkeka ukawapokonya miguu. Watatu waliteleza pamoja mpaka ukingo wa upande wa mbali. Kreti za Fanta zikawafuata. Sanduku la bati likafuata kreti. Boti ikalala ubavu, na ukingo ukazama kiasi cha maji kuingia kwa mkunjo mmoja mnene. Ubavu mwingine ukainuka juani, ule aliousugua siku nane, ukawaka machoni pake kama kioo.

Mimi njo nimebaua, alifikiri. Mikono yangu.

Hakujua kwamba ameingia ziwani mpaka maji yalipomfika kifuani. Baridi yake ilimkata pumzi. Alisikia mtu akimshika nguo kwa nyuma, akapigana naye.

"Mukae chini!" alilia. "Mulale! Ni sire! Niliweka sire! Mulale chini!"

Kama walimsikia au hawakumsikia, hajui mpaka leo. Alichoona ni kiti cha plastiki kikiruka nje, kikaelea juu ya maji, kitupu. Kisha akaona kitu cheupe katikati ya miguu ya watu. Umugwaneza alikuwa amejitupa kifudifudi kwenye sakafu, mkono mmoja umeshika bao la kukalia, na kwa mkono mwingine alikuwa akiwavuta wengine chini kwa vitenge vyao, mmoja baada ya mwingine, akiwafokea kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Yule mama mnene akaanguka. Sidonie akalala juu yake. Sebarenzi akazima moteri. Boti ikasita, ikatetemeka, ikarudi ikasimama wima, ikiwa na maji ya kufika vifundoni.

Walirudi kwa kasia la Sebarenzi, wengine wote wamelala, hakuna aliyeimba. Umugwaneza alipoteremka, Verdiane aliona wekundu kutoka kifuani mpaka magotini, na akapiga ukelele wa pili, kwa kuwa alidhani ni damu. Aliparamia gauni kwa mikono miwili akitafuta jeraha. Hapakuwa na jeraha. Mikono yake ilitoka na harufu ya sebule yake.

"Sire?" Sebarenzi aliuliza. Alikuwa ameinua mkeka kwa ncha ya kasia. "Nani aliweka sire humu ndani?"

"Ni miye, shemeki. Nilitaka iwe safi."

Sebarenzi alikuwa na mengi ya kusema, na alisema nusu yake. Kisha akautupa mkeka kwenye matete, akavua shati, akaomba mchanga na majivu. Kina mama walikaza vitenge vyao viunoni wakaingia kazini. Walisugua sakafu kwa mchanga, wakasuuza, wakasugua tena, na Verdiane katikati yao, amelowa, meno yakigongana, akikwangua kwa kucha pale ambapo mchanga haukufika. Mchanga ulimwagikia nje pia, ukaacha mikwaruzo mirefu ubavuni. Hakuna aliyeitazama mikwaruzo hiyo, hata yeye mwenyewe.

Simu ya Sidonie ililia mara tatu. Ng'ambo kanisa lilikuwa limejaa. Élysée, bwana-arusi, alikuwa akiuliza kama wamepita barabara ile ya kizuizi, na sauti yake ilisikika mpaka pembeni, imepasuka kwa woga. Upepo ulikuwa unaongezeka. Sebarenzi alikanyaga sakafu kwa mguu mtupu, akakaza, mguu haukwenda popote. "Ni sasa," alisema, "ao ni kesho."

Umugwaneza alikuwa amejifunga kitenge cha shangazi juu ya gauni. Sasa alimwendea mama yake, akasimama karibu kiasi kwamba wengine wasisikie.

"Mama. Wakati Tante Sidonie alianguka, nilikuangalia. Ulishika mudomo."

Verdiane aliinamisha kichwa.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema palepale? Boti ilikuwa ingali ku matete. Muguu moja tu, tungeshuka."

Kulikuwa na majibu mengi, na Verdiane aliyajua yote: desturi, mkosi wa kumwita bibi-arusi nyuma, wajumbe wa wakwe na simu zao. Yote yalikuwa ya kweli. Aliyapima moja moja na kuona hakuna hata moja linaloweza kutoka kinywani mbele ya macho yale.

"Niliogopa bantu," alisema. "Niliogopa batanicheka."

"Kuliko maji?"

Verdiane alitazama ziwa. Alikuwa ameliogopa tangu siku alipoletwa Burungu kuolewa, hakuwahi hata kuosha miguu ndani yake, na watu wote walijua.

"Kuliko maji," alisema.

Umugwaneza hakulia, wala hakumkumbatia. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona ni ghali kuliko alivyodhani. Akaivaa jileti, safari hii bila kuuliza mtu. Akaingia ndani, akaketi kwenye sakafu tupu iliyokwanguliwa, mgongo ukiegemea ubavu, akashika bao kwa mikono miwili. Desturi inasema bibi-arusi haangalii nyuma. Verdiane alisimama majini mpaka magotini akiomba kwa roho yake yote binti yake aivunje. Boti ikapungua, ikawa kama punje ya mchele, ikapotea kwenye kivuli cha mlima wa ng'ambo, na Umugwaneza hakugeuka.

Majirani walipanda nyumbani. Yeye alibaki, nguo zikamkaukia mwilini. Saa sita ilipita. Saa saba ilipita, upepo ukalipasua ziwa kutoka upande hadi upande, naye akafikiria kila namna ambayo mtu anaweza kuanguka kutoka kwenye boti, na alipozimaliza akaanza upya. Saa nane simu ikalia. Alikuwa Sidonie, na nyuma yake kulikuwa na ngoma na watu wengi.

"Tulifika, wifi. Bantu bote bako muzima. Bibi na bwana beshabarikiwa ku kanisa."

Verdiane alilia bila kuficha, akamshukuru Mungu mara tatu, akajipangusa kwa kilemba.

"Munipatie Umugwaneza kidogo."

Akasikia Sidonie akiita, akasikia kicheko, sahani, sauti ya mwanamume, kisha minong'ono ambayo hakuweza kuishika. Minong'ono ilikuwa mirefu. Sidonie akarudi.

"Anasema atakupigia kesho."

Verdiane akasema ndiyo, kesho ni vizuri. Aliogopa kuuliza kesho saa ngapi.